Jumatatu za Baba

Wivu wa kumwonea mtoto uliyemzaa mwenyewe ni jambo la aibu, na Mama Pasi hakukiri kwamba anao hadi ulipokuwa umekwisha kumtuma kufanya ubaya.

Alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu, chembamba, kati ya fundi saa na muuza balbu. Kule nyuma kulikuwa na mashine mbili za kufulia na moja ya kukaushia iliyotetemeka kama mtu mwenye homa. Juu zilipita kamba za nguo, na mbele, karibu na mlango, ilikuwepo meza ya pasi. Hapo ndipo alipokaa siku nzima, yaani aliposimama, maana dobi hakai. Watu walimwita Mama Pasi kwa kuwa hata akizungumza nawe, mkono wake wa kulia hauachi kwenda na kurudi. Alijua madoa kama daktari anavyojua magonjwa: doa la wino, doa la oili ya gari, doa la rangi ya mdomo ambalo mwenye shati anaapa ni mchuzi. Na alilijua tangu utotoni doa la majani mabichi kwenye magoti ya suruali, kwa sababu baba yake alikuwa mkata nyasi.

Si mkata nyasi wa barabarani. Kwa miaka arobaini mzee alikuwa ametunza nyasi za uwanja wa gofu ulioko ng'ambo ya reli. Alikata, alimwagilia, alipanda upya palipokufa. Wiki nzima uwanja ulikuwa wa wanachama. Jumatatu ulifungwa ili nyasi zipumzike, na jioni ya siku hiyo wafanyakazi waliruhusiwa kucheza. Mzee alijifunza kwa kutazama. Mwanachama mmoja aliyenunua fimbo mpya akampa tatu za zamani, naye akaupenda mchezo ule kuliko kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Mwanawe wa kwanza alipofikisha miaka kumi na miwili, mzee akaanza kwenda naye. Huyo ndiye kaka yake Mama Pasi. Kila Jumatatu saa kumi mzee alimpitia nyumbani, akanawa uso, akachukua fimbo nyuma ya mlango, wakaondoka wawili, mkubwa mbele, mdogo nyuma.

Binti alikuwa na miaka kumi. Jumatatu ya kwanza alivaa viatu vyake vya shule akasimama mlangoni.

"Baba, na mimi?"

"Wewe tena? Nani atamsaidia mama yako?"

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anavyosema leo kuna jua, na ndiyo maana lilimwingia. Siku hiyo binti aliosha vyombo hadi masufuria ambayo hayakuwa machafu. Jioni waliporudi, mazungumzo ya mezani yalikuwa shimo la pili, shimo la saba, mchanga, kilima. "Shimo la nne limekuonea leo," mzee akasema, kaka akacheka, na mzee naye akacheka mpaka akafuta macho. Binti hakujua shimo la nne lina nini cha kuchekesha. Alichojua ni kwamba baba yake, ambaye siku nyingine alikula kimya kama aliyemeza kufuli, Jumatatu alikuwa na maneno, na maneno hayo hayakuwa kwa ajili yake.

Siku moja ya mapumziko, wanaume wote wawili wakiwa wametoka, kila mmoja kivyake, alitwaa fimbo moja nyuma ya mlango. Aliweka mpira kwenye nyasi chache zilizokuwa uani, akakunja magoti kama alivyomwona kaka yake akijipima, akapiga. Mpira ulipaa juu ya uzio, ukavuka barabara, ukavuka paa la kinyozi, ukatua katika karakana ya seremala, juu ya kioo cha kabati kilichokuwa kimeegemezwa ukutani. Mlio wake ulifika hadi pale alipokuwa amesimama.

Seremala alikuja saa saba, mpira mkononi. Mzee aliupokea, akaugeuzageuza, akatoka nje akaanza kuhesabu hatua. Aliporudi alikuwa na uso ambao binti yake hakuwahi kuuona.

"Hatua mia na ishirini na tatu," alisema. Akamshika mwanawe bega. "Mkono huu. Mia na ishirini na tatu, na ndevu bado."

Kaka alimtazama mzee, akamtazama dada yake, akajikuna kichwa. Mzee alidhani kijana ana haya. Binti naye alifunga mdomo. Mwanzo aliogopa kuchapwa kwa ajili ya kioo. Baadaye akaona hakuna wa kuchapwa: mzee alikilipa kioo kile kwa kukata nyasi za seremala mwezi mzima, huku akipiga mluzi. Kwa miaka mingi wageni wakija nyumbani walisimuliwa pigo lile. Aliyewaletea chai alikuwa yeye, na alisimama na sinia akisikiliza sifa zake zikipewa mtu mwingine.

Kaka mwenyewe hakuupenda mchezo. Alipoota hizo ndevu aliacha, akawa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kupiga simu mara moja kwa mwezi. Jumatatu za mzee zikabaki tupu. Alikwenda peke yake, akarudi, akala kimya.

Mama Pasi aliolewa na fundi rangi, mtu wa maneno machache na suruali zenye madoa yasiyotoka hata kwa dobi. Wakapata mtoto mmoja wa kike, wakapanga nyumba mitaa miwili tu kutoka kwa wazazi. Na kusema kweli, aliyeanzisha yote ni Mama Pasi mwenyewe. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, shule zimefungwa, na hoteli moja ilikuwa imeleta vitambaa vya meza mia mbili kwa mkupuo. Akampigia baba yake simu.

"Baba, nisaidie kukaa na mjukuu wako leo. Hapa sina hata pa kukanyaga."

"Leo Jumatatu," mzee akasema.

"Najua ni Jumatatu."

"Basi nitakwenda naye."

Hakuna aliyeuliza nani atamsaidia mama yake.

Jioni mtoto aliingia dukani na majani magotini, vumbi kichwani, macho yanang'aa. "Mama, shimo la nne lina kilima cha uongo. Unaliona shimo liko hapa, kumbe liko kule chini. Unapiga vizuri kabisa, mpira unateremka wenyewe unarudi miguuni pako. Babu anasema watu wazima wenye magari wanalia pale." Akacheka mpaka akashika meza.

Miaka thelathini Mama Pasi alikuwa anangoja kujua shimo la nne lina nini. Sasa ameambiwa, na aliyemwambia ni mtoto wake. Alicheka, kwa meno tu. Alipotazama chini, pasi ilikuwa imesimama juu ya mfuko wa shati la mwalimu mmoja, na shati limeota alama ya kahawia. Tangu aanze kazi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

Kuanzia hapo Jumatatu zikawa za mjukuu. Hata shule zilipofunguliwa, mzee alimngoja getini akiwa na mfuko wa fimbo begani. Bibi wa mtoto, yaani mama yake Mama Pasi, aliliona jambo lote ni kichekesho. "Mzee ameniletea mke mwenza," aliwaambia watu, "tena mwenye meno yote. Mimi ndiye ningenuna, lakini nimepata siku ya kulala."

Mama Pasi hakucheka. Alianza vitimbi vidogo vidogo. Ikifika Jumatatu alikumbuka kazi ambazo siku nyingine hazikuwepo: kabati lipangwe, viatu vipigwe brashi, madaftari yakaguliwe ukurasa kwa ukurasa. Mtoto alizifanya zote mbio mbio, tena vizuri, na bado akabaki na nafasi. Jumatatu moja ya likizo, babu akiwa tayari mlangoni, Mama Pasi aliusikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Kila wiki gofu. Na mimi nani atanisaidia?"

Mzee alihamisha mfuko kutoka bega moja kwenda jingine, akatazama chini.

"Nitamrudisha mapema," alisema.

Jioni ile fundi rangi alikuwa akisugua vidole vyake kwa mafuta ya taa. Bila kuinua kichwa akasema, "Unamwonea wivu mtoto."

"Mimi? Mtoto wangu mwenyewe?"

"Nimesema nilichoona."

"Wewe paka rangi yako."

Akaendelea kusugua. Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni, na lile lilibaki ndani ya nyumba kama harufu ya mafuta yale.

Kisha klabu ikatangaza shindano la Jumamosi, lililokuwa wazi hata kwa wafanyakazi. Lilikuwa la watu wawili wawili wa familia moja, wa vizazi tofauti, mpira mmoja kwa zamu: mmoja anapiga, mwenzake anafuatia pale mpira ulipoangukia. Ukiharibu wewe, anayetaabika ni mwenzako. Mzee aliandikisha jina lake na la mjukuu siku hiyo hiyo. Halafu akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa glavu.

Mama Pasi aliitambua kutoka mbali. Ilikuwa ya ngozi nyeupe, laini, ya mkono wa kushoto, ile aliyonunuliwa kaka yake. Kila Jumatatu aliyeisafisha alikuwa yeye, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kisha aliianika kivulini, kamwe si juani, kwa sababu ngozi ikipata joto hujikunja na haikunjuki tena. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza la udobi. Mara moja moja, kabla ya kuirudisha, aliivaa akafumba na kufumbua vidole. Ilimkaa vizuri kuliko ilivyomkaa kaka yake.

"Tazama, mama," mtoto alisema, mkono juu. "Kama nilipimwa."

"Nimeona."

Jumatano iliyotangulia shindano, nguo za nyumbani zilikuwa kwenye kapu dukani, na ndani yake suruali ambayo mtoto alichezea Jumatatu. Mkono wa dobi hupekua kila mfuko kabla nguo haijaingia majini, wala hauhitaji kutumwa. Ulipapasa mfuko wa nyuma, ukagusa ngozi. Mama Pasi alisimama na suruali ile kwa muda ambao mtu angeweza kabisa kubadili nia. Hakubadili. Aliitumbukiza, akazungusha kitufe hadi kwenye maji ya moto ya kufulia mashuka, akarudi kwenye meza yake. Nguo zilipomaliza kuzunguka, akaziingiza kwenye mashine ya kukaushia.

Glavu ilitoka ngumu kama gamba, imesinyaa nusu yake, vidole vimejikunja kama vya mtu anayeomba.

Alikuwa ameandaa maneno. Angesema kazi zilikuwa nyingi, angesema hakuona. Lakini mtoto alipoishika hakuuliza kitu.

"Niliisahau mfukoni," alisema. "Mama, ni mimi. Niliisahau mfukoni."

"Ndiyo hivyo," Mama Pasi akajibu. "Yaliyopita yamepita."

Mtoto alikwenda mwenyewe kwa babu yake, glavu imefichwa chini ya blauzi, kuomba msamaha. Alirudi macho yamevimba. Babu hakumgombeza, alisema, na hilo ndilo lililomliza. Na Jumamosi hachezi, aliapa mwenyewe. Mtu asiyeweza kutunza glavu atautunzaje mpira wa mwenzake?

Mama Pasi alikuwa amepata alichokitaka. Zamani kaka alichukua sifa yake, naye akanyamaza. Sasa mtoto alikuwa amechukua kosa lake, na bado amenyamaza. Alhamisi nzima alipiga pasi mashati yaliyokwisha kupigwa pasi.

Ijumaa saa nane alifunga duka, akatembea mitaa ile miwili. Mzee alikuwa uani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananoa visu vya mashine ya kukatia nyasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Dobi umefunga saa hizi? Kuna msiba?"

"Hakuna. Ile glavu ni mimi."

Jiwe la kunolea likasimama.

"Nilijua imo mfukoni," akaendelea. "Nikaiosha hivyo hivyo. Maji ya moto."

"Kwa nini?"

Njia nzima alikuwa amepanga kusema habari za uchovu. Kilichotoka kilikuwa kingine. "Kwa sababu hukunichukua hata mara moja. Mara moja tu, baba. Ulimchukua kaka ambaye hakupenda, ukamchukua mtoto ambaye nilikuletea mimi, na katikati hapo nilikuwepo. Na kile kioo cha seremala si kaka. Nilipiga mimi. Hatua mia na ishirini na tatu, ni mimi."

Mzee aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye mapaja.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kioo. Kaka yako aliniambia. Ulikuwa hujaolewa bado."

Mama Pasi alitafuta mahali pa kukaa, hapakuwepo. "Miaka yote hiyo ulijua?"

"Ningekuja kukwambia nini? Nilikuwa nimeshawasimulia watu wote. Nikaona haya. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho zikawa nyingi."

"Lakini wageni uliendelea kuwasimulia. Nilikuwa nakusikia."

"Nilisema 'mtoto wangu'," mzee akajibu. "Hukusikiliza vizuri. Tangu siku ile sikumtaja tena kaka yako. Nilikuwa nasema, 'mtoto wangu alipiga'."

Mama Pasi alijaribu kukumbuka. Ilikuwa kweli. Mtoto wangu alipiga, mtoto wangu ana mkono. Yeye na sinia lake, hatua tatu kutoka kwa msemaji, anaamini mtoto ni yule mwingine.

"Haitoshi, baba."

"Haitoshi," mzee akakubali.

"Na mara ya kwanza? Nilipovaa viatu. Kwa nini ulinikatalia?"

Mzee alilitazama jiwe la kunolea. "Ningekuwa na sababu ningekupa, hata ikiwa mbaya. Sikuwa nayo. Sikufikiria tu kama mtoto wa kike anaweza kutaka. Wala sikukaa nikafikiria."

Mama Pasi angeweza kusamehe ubaya. Hakujua afanye nini na mtu ambaye hakufikiria. Aliondoka bila kuaga, na njiani alilia kwa hasira, huku akiwaitikia salamu wateja wake kama kawaida.

Nyumbani alimweleza mtoto kila kitu kuhusu glavu. Mtoto alisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua imo mfukoni?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niende kwa babu kuomba msamaha?"

"Nilikuacha."

Mtoto akaingia chumbani akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza. Asubuhi alikuwa amevaa, amefunga nywele, na alikunywa chai akiwa amesimama. "Nacheza," alimwambia baba yake, si mama. Fundi rangi akamtazama mkewe, akasema, "Nenda nao. Ukibaki hapa utaunguza nyumba."

Alikwenda, akakaa nyuma, umbali wa mtu asiyealikwa. Jozi zilikuwa kumi na nne: daktari na baba yake mwenye fimbo mbili, moja ya kutembelea na moja ya kuchezea, mama mmoja na mwanawe waliogombana tangu shimo la kwanza, na wengineo. Mapacha wazee walitaka waruhusiwe japo ni wa kizazi kimoja, wakakataliwa. Mzee alivaa shati ambalo Mama Pasi mwenyewe alilipiga pasi wiki iliyopita. Mtoto alicheza bila glavu.

Walianza vizuri. Mpaka shimo la tatu walikuwa mbele ya nusu ya watu. Shimo la nne, Mama Pasi aliliona kwa macho yake kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kilima kidogo cha kawaida, chenye nyasi fupi kama zulia, na hakikuonekana na uongo wowote. Mtoto alipiga, mpira ukapanda, ukasimama juu kabisa kama unaowaza, ukateremka na kuingia kwenye mchanga. Alibaki ameshika fimbo, mabega yamemshuka, uso unaanza kuharibika.

Mzee alisogea karibu naye. Hakumgusa. Aliongea polepole, kwa sauti ambayo Mama Pasi hakuwahi kuisikia nyumbani, lakini upepo ulimletea maneno.

"Wewe haribu unavyotaka," alisema. "Mimi niko nyuma yako. Unapoangusha wewe naokota mimi, nikiangusha mimi unaokota wewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Haya. Sogea nipite kwenye mchanga wako."

Mtoto akacheka. Mama Pasi alitazama viatu vyake. Wivu ulimpanda, mkali kuliko siku zote, na safari hii hakujidanganya kuuita jina jingine. Alitaka maneno yale. Aliyataka akiwa na miaka kumi, aliyataka akiwa na miaka arobaini na mmoja, na yalikuwa yametolewa mbele yake kwa mtu mwingine. Na mtu huyo Mama Pasi alimpenda kuliko nafsi yake. Alisimama hapo na mambo yote mawili mpaka watu wakasonga shimo la tano, naye akasonga.

Walimaliza wa sita. Wakati wa kurudi, mtoto alimpita mama yake. Kisha akasimama, akarudi hatua mbili, akamkabidhi mfuko wa fimbo aubebe. Ulikuwa mzito. Aliubeba hadi nyumbani.

Jumatatu, saa saba na nusu, mlango wa duka ulifunguka, mzee akaingia, kofia mkononi. Hakuwa mtu wa kuja dukani. Alisimama kati ya makoti yaliyoning'inia kama mtu aliyepotea msituni.

"Nimekupitia," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Leo Jumatatu."

Mkono wa Mama Pasi haukuacha kwenda na kurudi. "Nina mashati thelathini na manane."

"Nitangoja."

Angeweza kuyaacha hadi kesho, mwenye nayo hakuwa na haraka. Lakini aliyapiga yote, moja baada ya jingine, kola, mabega, mikono, mgongo, bila kuharakisha hata moja. Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja akangoja. Fundi saa alipita kusalimia, akamkuta, akaondoka, akarudi, akamkuta bado. Shati la thelathini na nane lilipoingia kwenye hanga, jua lilikuwa limeshuka juu ya paa la ng'ambo.

"Sasa twende," Mama Pasi akasema.

Tungependa kusema alipiga hatua mia na ishirini na tatu. Hakupiga. Mpira wa kwanza aliukosa kabisa, wa pili akaung'oa pamoja na nyasi alizozipanda baba yake, wa tatu ukaenda kando ukagonga mti. Mzee alizibonyeza kwa kiatu nyasi zilizong'oka. Mwisho akasema, "Legeza kiwiko. Hupigi pasi." Akalegeza. Wa nne ulikwenda hatua kama arobaini, chini chini, lakini ulinyooka, naye aliufuata kwa macho mpaka ulipolala.

Mtoto aliwakuta huko huko, akitoka shule, akasimama na begi lake mgongoni.

"Babu, leo ni Jumatatu yangu," alisema, na sura aliyokuwa nayo Mama Pasi aliifahamu vizuri sana. Hakumtania. Alimpa fimbo, akakaa kwenye nyasi.

Ikabidi wagawane mashimo. Walizozana miezi mizima kuhusu nani anaanza, nani babu alimwelekeza zaidi, nani aliambiwa "vizuri" na nani aliambiwa "si mbaya". Kuna Jumatatu Mama Pasi alirudi amenuna kwa sababu mzee, baada ya pigo lake zuri kuliko yote, alisema, "Mjukuu wangu hapa angetumia fimbo ndogo." Mtoto alimsamehe mama yake polepole, si kwa siku moja. Kwa muda mrefu alipekua mifuko yake mwenyewe kabla ya kuweka nguo kwenye kapu. Mama Pasi alimwona, akaona ana haki.

Mwaka uliofuata shindano lilitangazwa tena. Mzee alichukua kalamu kuandika majina.

"Mwaka huu nacheza na mama," mtoto akasema.

Kalamu ikabaki hewani. "Na mimi?"

"Wewe utatubebea fimbo, babu. Goti lako si zuri."

Goti kweli halikuwa zuri. Alibeba. Kanuni zilimruhusu kutoa ushauri, na kwa mashimo yote tisa alitembea nyuma yao akingoja kuulizwa, anakohoa hapa, anaguna pale. Hawakumuuliza. Walikuwa wameshazoea kuharibiana na kuokoteana. Walibishana, walicheka, walipotea kwenye mchanga mara tatu, wakawa wa kumi na mbili kati ya jozi kumi na tano. Mzee alikula chakula cha jioni bila kusema neno.

"Mwacheni," bibi aliwaambia jikoni. "Ana wivu huyo. Utamwisha."

Jumatatu iliyofuata hakumpitia mtu. Mama Pasi alifunga duka mapema, akamchukua binti yake shuleni, wakavuka reli. Walimkuta mzee kwenye shimo la kwanza, amewapa mgongo, anapiga peke yake. Wakaweka mfuko chini, wakakaa kwenye nyasi wakangoja amalize kununa.